Uthabiti wa Mawasiliano ya Redio Baina ya Magari Yaliyo Mwendoni

Makala haya yanafafanua kwa nini ni vigumu kudumisha mawasiliano yasiyotumia waya baina ya magari yaendayo kasi, na athari za ugumu huo kwa sera za masafa.

Tuchukulie magari mawili yanayopishana, kila moja likienda kilomita 100 kwa saa, na redio zake zikifikiana kwa umbali wa mita 300. Yatawasiliana kwa takriban sekunde 11 tu. Wi-Fi ya kawaida ingetumia sehemu ya muda huo kutambulishana na kuidhinishana. Kiwango cha IEEE 802.11p, kilichopitishwa mwaka 2010, kiliondoa hatua hiyo: gari hutangaza mahali lilipo, kasi na mwelekeo wake, hadi mara 10 kwa sekunde, na kila gari lililo karibu hupokea. Tangazo moja likipotea, linalofuata hulifidia. Hivyo basi, uthabiti hautokani na kushikilia muunganisho mmoja, bali na kutouhitaji.

Ugumu wa pili ni wa kifizikia. Katika masafa ya gigahezi 5.9, kukaribiana kwa kasi ya kilomita 200 kwa saa husogeza masafa yanayopokewa kwa takriban hezi 1,100. Hii ndiyo athari ya Doppler. Mawimbi yanayoakisiwa na malori na majengo husogezwa kwa viwango tofauti, hivyo hali ya njia ya mawimbi huweza kubadilika kwa chini ya nusu milisekunde. Ujumbe wa baiti 300, ukitumwa kwa megabiti 6 kwa sekunde, huchukua milisekunde 0.4. Kwa hiyo kipokezi hulazimika kuipima njia upya ujumbe ungali unaingia.

Mbinu hizi zina sharti moja: magari yote yatumie teknolojia moja. 802.11p na ile inayotokana na simu za mkononi, C-V2X, hazielewani. Marekani ilitenga megahezi 75 mwaka 1999. Mwaka 2020 ilibakiza 30 na kuchagua C-V2X, baada ya vifaa vya teknolojia ya awali kuwa vimekwisha kufungwa barabarani.

Lori litokalo Mombasa kwenda Kampala huvuka mpaka wa Malaba au Busia katika safari moja. Iwapo Kenya na Uganda zitachagua teknolojia tofauti, redio zitagombania masafa bila kuelewana. Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba makubaliano ya kikanda yatangulie utoaji wa leseni.