Asilimia ya Kosa: Chini Hukaa Thamani Halisi

Kila nikifundisha asilimia ya kosa, mkono unanyooshwa na swali ni lile lile: “Mwalimu, chini tunaweka namba kubwa au ndogo?” Ukubwa hauhusiki. Chini hukaa thamani halisi. Unatafuta tofauti kati ya kipimo na thamani halisi, unaigawanya kwa thamani halisi, unazidisha kwa 100, basi.

Lakini kanuni ya “kubwa chini” imeota mizizi. Wanafunzi huipata kwa kaka na dada zao, kwenye masomo ya ziada, na wengine, nasikitika kusema, kwa walimu. Inapendwa kwa sababu jibu lake halivuki 100 kamwe, na wengi wanaamini asilimia ya kosa haiwezi kuvuka 100. Inavuka, tena kwa mbali.

Chukua meza yenye urefu wa sm 120. Asha ameipima akapata sm 125, Juma akapata sm 115. Wote wamekosea kwa sm 5, na 5 kwa 120 ni asilimia 4.17. Sasa tumia “kubwa chini”. Juma anabaki na 4.17 yake, lakini Asha anagawanya kwa 125 na kupata 4 kamili. Amepunguziwa kosa kwa nini? Kwa kuwa kipimo chake kilizidi badala ya kupungua! Hakuna sababu nyingine.

Mwanafunzi wa tatu amechanganya vizio, akaandika mita 120, yaani sm 12,000. Kosa lake ni sm 11,880, sawa na asilimia 9,900. “Kubwa chini” inampa 99. Hata angeandika kilometa 120, kanuni hiyo ingemwacha chini ya 100. Kipimo kinachoficha kosa kadiri linavyokua hakifai kupima kosa. Meza haikurefuka kwa sababu mtu ameisoma vibaya. Ndiyo maana tunagawanya kwa urefu wake halisi.

Mengine ni mafupi. Weka vizio sawa kabla ya kutoa. Ukipata hasi, ondoa alama, chukua ukubwa wa tofauti. Usikadirie tarakimu hadi hatua ya mwisho. Thamani halisi haijulikani? Chukua nusu ya kizio kidogo kabisa cha kifaa kuwa kosa, uigawanye kwa kipimo ulichosoma: kwa rula ya milimita ni mm 0.5, hivyo mstari uliosomeka mm 80 una kosa la asilimia 0.625. Thamani halisi ikiwa sifuri, asilimia ya kosa haipo. Andika tofauti yenyewe.

Walimu wenzangu, “kubwa chini” humpa Juma jibu sahihi kwa bahati tu, na hapo ndipo inapotuponyoka. Tusome hatua zake, tumuulize kwa nini amegawanya kwa 120. Akijibu “kwa sababu ni kubwa”, tumrudishe akaanze upya.