Vitu vya Kuchezea vya Watoto wa Zamani

Zamani mtoto hakununuliwa kitu cha kuchezea. Alikifanya kwa mikono yake mwenyewe. Wako wadhanio kuwa ule ulikuwa ufukara tu. Sivyo, ilikuwa shule, na yafaa tueleze kazi zake, maana wazijuao wanapungua.

Kwanza pia. Mtoto alichonga kipande cha mti mgumu, juu kipana na chini kimechongoka. Kisha alisokota kamba ya nyuzi za mti, akaifunga kwenye kijiti ikawa kiboko. Aliizungushia pia kamba ile, akaivuta kwa nguvu. Ikianza kulegea, aliichapa isianguke. Lakini pia iliyochongwa vibaya, upande mmoja mzito na mmoja mwepesi, haisimami hata ikichapwa kutwa. Basi mwenyewe alirudi kuichonga tena, na hivyo jicho lake likazoea kupima usawa, ndio ufundi utakiwao katika mpini wa jembe na mguu wa kiti.

Pili mpira. Penye migomba, majani makavu yalifinyangwa na kukazwa kwa kamba za mgomba. Baadaye watu wakatumia matambara. Asiyekaza vizuri, mpira wake ulifumuka kabla mchezo haujaisha, na wenzake wakamcheka.

Wasichana walitwaa gunzi la muhindi, wakalivika kitambaa na kulibeba mgongoni kama mtoto. Lakini msomaji asichanganye hili na mwana hiti wa Wazaramo. Huyo si wa mchezo. Mwali alipewa awekwapo ndani, amtunze na kumpaka mafuta, ajifunze ulezi.

Huko pwani watoto walichonga ngalawa ndogo za mti mwepesi, wakazitia matengo na tanga, wakazishindanisha majini. Tengo moja likizidi jingine, chombo hulala upande. Na bara, motokaa zilipozidi kuonekana baada ya vita ya 1914 hadi 1918, watoto walizitengeneza kwa mabua ya mtama: moyo wake mwororo ukawa mbao, na ganda lake gumu, likichanwa vijiti vyembamba, likawa misumari. Hapakuhitajiwa senti hata moja.

Hatusemi kwamba vitu vya dukani ni vibaya. Lakini mtoto ambaye kila kitu chake hununuliwa, kikivunjika hulia. Yule aliyekifanya mwenyewe hutafuta kisu, akatengeneza kingine. Tofauti hiyo huonekana hata ukubwani, paa livujapo au mlango uking'oka.

Basi, enyi walimu na wazazi, mwiteni mzee mmoja wa kijiji, akae na watoto alasiri moja tu, awaonyeshe kuchonga pia. Samaki mkunje angali mbichi. Na mzee naye aulizwe mapema, kwa kuwa ufundi huu haukuandikwa mahali. Umo mikononi mwake, naye akienda, huenda nao.