Gari Likizima Ghafla Njiani

Katika gazeti letu mmezoea kusoma mashairi, vitendawili na visa vya majambazi. Mwaka huu mimi nimeomba nafasi nieleze jambo la gereji. Msinicheke. Sisi wa shule ya kutwa hatuna bweni la kurudia, na kila Jumamosi mimi humsaidia baba mdogo, ambaye ni fundi wa magari hapa Nyamira mjini. Gereji yake haina ukuta wala bango, ni mti tu na mafuta machafu chini. Kazi yangu ni kuosha vyuma na kupeana spana, lakini masikio hayashiki spana, kwa hivyo nimesikia mengi.

Ugonjwa unaoletwa sana pale ni huu: gari lilikuwa likienda vizuri, kisha likazima ghafla. Mwenyewe hufika akiwa ameshatibiwa kwa maneno na watu wa stendi. Mmoja amemwambia ni pampu, mwingine amemwambia ni koili, wa tatu amesema gari lina mkosi. Maskini ananunua pampu, gari linazima. Ananunua koili, gari linazima. Waama, injini haizimi ovyo ovyo. Kuna kitu imekikosa, na namna ilivyozima ndiyo inayokisema. Dalili ya mvua ni mawingu.

Lakini kabla ya kutafuta ugonjwa, kuna uhai. Kaunti yetu ni ya milima, imepanda kutoka mita 1,250 hadi karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na barabara zetu ni kupanda na kushuka. Gari likizimia mteremkoni, mambo mawili hubadilika papo hapo. Usukani unakuwa mzito kama wa trekta kuukuu. Na breki, ambayo hapo awali ilikuwa ikisaidiwa na mvuto wa hewa unaotoka kwa injini, inabaki na msaada wa kukanyaga mara mbili tatu hivi. Baada ya hapo kanyagio linakuwa gumu kama jiwe. Breki haijakufa, la hasha, ila sasa inataka nguvu zote za mguu. Madereva wengi hupatwa na hofu hapo na kuanza kupiga breki pa! pa! pa! Huko ni kuumaliza ule msaada mdogo uliobaki. Baba mdogo husema ukanyage mara moja, kwa nguvu, na usiachilie mpaka gari lisimame. Kama ni gari la gea za mkono, liache ndani ya gea na usikanyage klachi mpaka likaribie kusimama, kwa sababu magurudumu yataizungusha injini, nayo injini italishika gari. Wale wanaopenda kuteremka frii ili kuokoa mafuta wajue wanaokoa shilingi na kuuza roho. Tena ufunguo usiuchomoe kabisa gari likiwa mwendoni, maana usukani unaweza kujifunga.

Ukishasimama pembeni, washa taa zote za kuashiria hatari, weka zile pembetatu nyekundu nyuma ya gari, mbali kidogo, na mawe nyuma ya magurudumu. Hapa kwetu wengi hutumia matawi ya miti. Matawi ni afadhali kuliko kukosa kabisa, ingawa usiku hayang'ai. Jambo linalonikera ni kwamba gari likishawaka, watu huingia na kwenda zao, mawe wanayaacha katikati ya lami. Usiku mwenye bodaboda anayakuta.

Sasa tuje kwa injini yenyewe. Kidato cha kwanza mwalimu wa Kemia alitufundisha kwamba moto hauwaki bila vitu vitatu: kitu cha kuungua, hewa, na joto la kuuanzisha. Injini ya petroli ni hayo hayo. Kitu cha kuungua ni petroli, hewa inapita kwenye filta, na joto ni cheche ya plagi. Kimoja kikikosekana, gari limezima. Ndiyo maana mteja akifika, kabla hata ya kufungua boneti, baba mdogo humwuliza:

"Mzee, ilizima kama taa ama ilizima ikikohoa?"

Nilipoanza kwenda pale nilidhani anafanya mzaha. Kumbe hilo swali ni nusu ya kazi. Gari lililozima kama taa, yaani lilikuwa linavuma na ghafla kimya, bila kutikisika, limekatika umeme. Gari lililozima likikohoa, likivuta na kuachilia, likikosa nguvu kidogo kidogo, limekosa mafuta. Na lile linalozima kila ukiachilia mguu ili usimame, lakini likienda kasi halina shida, hilo aghalabu lina shida ya hewa: filta imejaa vumbi la murram, bomba la hewa limepasuka, au ile njia ndogo inayolisha injini ikiwa inapumzika imeziba kwa masizi. La hewa sitalirefusha. Kulisafisha tu mara nyingi kunatosha.

Tuanze na umeme. Cha kwanza ni vichwa vya betri. Shika kila kimoja kwa mkono na ukizungushe. Kikicheza, huenda umeshapata. Ile chumvi ya kijani na nyeupe inayoota pale huondolewa kwa maji moto na brashi. Ukitoka hapo angalia waya unaofunga betri kwenye bodi, halafu fyuzi. Nimeona magari mawili katika likizo moja ambayo ugonjwa wake ulikuwa waya uliosokotwa tu na kufungwa tepe. Magari ya abiria hasa yana waya nyingi za kuongezwa, kwa mfano za alamu, za kifaa cha kufuatilia gari, na za kidhibiti mwendo, ambacho kanuni za Michuki zilikilazimisha kwenye matatu tangu mwaka wa 2004, mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Kifaa chenyewe hakina kosa. Shida ni aliyekifunga kwa haraka haraka na kuunganisha waya bila kuzichomea. Gari likiruka tuta, waya zinaachana, injini inazima, halafu zinagusana tena na gari linawaka kana kwamba hakuna lililotokea.

Hata ufunguo unaweza kuzima gari. Huko Marekani, mwaka wa 2014, kampuni ya General Motors iliita magari yapatayo milioni 2.6 yarudishwe kwa sababu swichi ya ufunguo ilikuwa legevu. Ufunguo wenye mzigo mzito, au goti likiugusa tu, ungeweza kugeuka wenyewe gari likiwa njiani. Injini inazima, usukani unakuwa mzito, na mifuko ya hewa ya kumkinga dereva haifunguki. Hazina iliyowekwa kuwalipa waathiriwa ilikubali vifo 124. Kwa hivyo ukimwona mtu ametundika funguo za nyumba, za duka na za ghala pamoja na ufunguo wa gari, mwambie kwa heshima auache wa gari peke yake.

Kuna ugonjwa mwingine wa umeme unaosumbua sana kwa magari ya siku hizi. Gari linazima likishapata joto. Unangoja dakika 20, linawaka, linaenda, halafu linazima tena. Mshukiwa wa kwanza ni sensa ya krenki, kidude kidogo kinachoiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka. Kikipata joto kinanyamaza, na kompyuta, kwa kuwa haioni mzunguko, inakata cheche na mafuta. Koili nayo huwa na tabia hiyo hiyo. Dereva akiwa na maji ya kunywa, anaweza kuimwagia koili matone machache, na ikiwaka mara moja basi mwizi amepatikana. Hilo ni la gari kuukuu lenye koili iliyo nje, tena ufunguo ukiwa umezimwa, kwani umeme wa plagi ni maelfu ya volti. Lile la kompyuta lipeleke likasomwe kwa mashine.

Upande wa mafuta ndio uliojaa vituko. Hapa kwetu dereva huweka petroli ya shilingi mia tatu, akimaliza safari anaweka nyingine ya mia tatu. Tanki haliwahi kuona nusu. Sasa gari hilo likipanda kilima kirefu, kwa mfano barabara ya Kisii kuja Keroka ukipitia Keumbu, yale mafuta machache yanakimbilia nyuma ya tanki na pampu inavuta hewa. Gari linakohoa, linazima. Likirudishwa mahali tambarare linawaka! Basi watu wanashangaa na kusema kilima kile kina mambo. Zaidi ya hayo, pampu nyingi za siku hizi zimekaa ndani ya tanki na hupozwa na mafuta yenyewe, kwa hivyo tanki likiwa kavu kila siku, pampu inachemka na kufa mapema. Kuijaribu ni rahisi: zungusha ufunguo bila kupiga stata, utulie, usikie mlio mdogo wa zzz huko nyuma kwa sekunde mbili. Kama hakuna mlio, angalia fyuzi na relei kabla ya kukimbilia dukani.

Mafuta yenyewe pia yanaweza kuwa ya uongo. Wapo waliokuwa wakichanganya petroli na mafuta taa kwa kuwa yalikuwa ya bei nafuu. Mwaka wa 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili faida hiyo ikatike. Ushuru huo uliumiza sisi tunaosomea taa ya chemni, lakini hayo ni ya insha nyingine. Gari lililonyweshwa mchanganyiko hugonga likipanda mlima, hutoa moshi, na plagi zake hutoka zimevaa masizi meusi.

Kisa kilichonifurahisha kuliko vyote ni cha pikapu moja kuukuu, ya kabureta, inayobeba ndizi. Ilikuwa inazima kila baada ya kilomita kadhaa, ikikohoa. Mwenyewe alikuwa ameshanunua plagi, pampu na filta kwingine, jumla shilingi 12,000. Akasema kitu cha ajabu: "Fundi, nikiweka mafuta kidogo inaenda mbali. Nikijaza tanki, haifiki hata sokoni!" Watu wakacheka. Baba mdogo hakucheka. Alienda moja kwa moja kwenye mdomo wa tanki. Kifuniko cha asili kilikuwa kimepotea, na mwenyewe alikuwa ameziba kwa mpira wa tyubu na kuukaza kwa waya. Alipoulegeza tukasikia fsss! hewa ikiingia kwa nguvu.

Wenzangu wa kidato cha tatu, hii ni ile sheria ya Boyle tuliyosoma mwaka huu. Kifuniko cha asili cha pikapu kama ile kina kitundu cha kupumulia. Bila kitundu, mafuta yanapotoka hakuna hewa inayoingia kuchukua nafasi yake. Chukua tanki la lita 40. Likiwa na lita 38 za mafuta, hewa iliyomo ni lita 2 tu. Ikitumika lita 1, hewa ile inatanuka kuwa lita 3, na kanieneo yake inashuka hadi thuluthi mbili. Pampu inashindwa kuvuta. Lakini tanki likiwa nusu, hewa ni lita 20. Lita 1 ikitumika inakuwa 21, tofauti haionekani. Ndiyo maana ilizima upesi ilipojazwa. (Mwalimu wa Fizikia atasema nimesahau mvuke wa petroli. Sijausahau, nimeuruka.) Wakati pikapu ilipokuwa ikipumzika, hewa ilijipenyeza polepole na ikawaka tena. Dawa yake ilikuwa kifuniko cha mtumba kutoka kwa gari bovu lililokuwa pale pale gerejini. Baba mdogo alimtoza pesa ya chai tu.

Lori za dizeli, kama zile zinazobeba majani chai, hazina plagi wala cheche, kwa hivyo maneno ya umeme hapo juu hayazihusu sana. Hizo zikizima, tafuta hewa iliyoingia kwenye bomba la mafuta, au maji ndani ya filta. Na kama gari lolote limezima kwa kishindo, kisha ukipiga stata injini inazunguka nyepesi kuliko kawaida, acha kabisa kupiga. Huenda taimingi belti imekatika, na kila mzunguko unaoongeza unaweza kupinda vali nyingine.

Ukienda kwa fundi, basi, usimpelekee jina la kipuri. Mpelekee habari. Ilizima kama taa au ikikohoa? Ilikuwa na joto au ndiyo imetoka nyumbani? Ilikuwa inapanda, inashuka, imeruka shimo, mvua ilikuwa inanyesha? Iliwaka baada ya muda gani? Baba mdogo huongeza swali moja ambalo wateja hulijibu huku wakiangalia kando: mafuta uliweka lini, na ya pesa ngapi?