Lubumbashi: Wanafaulu kazini lakini usiku hawalali, tiba ya «mawazo mingi» ipo

Katikati ya komini ya Lubumbashi, kuanzia Place de la Poste hadi kwenye mabiro ya makampuni na ya mavoka, kazi inafungwa jioni. Lakini kuna wafanyakazi ambao wakifika nyumbani, kazi inaendelea ndani ya kichwa. Mhasibu aliyekwisha kutuma ripoti anaamka saa nane ya usiku na kufungua simu ili ahakikishe kwamba hakukosea tarehe. Avoka aliyeshinda kesi asubuhi anapitisha usiku akijiuliza kwa nini jaji alimuangalia vile. Asista wa chuo kikuu amemaliza kuandika kazi yake ya doktora tangu mwaka jana, ila haipeleki kwa profesa, kwa sababu kila akiisoma tena anaona sura ya tatu haijakaa vizuri.

Kwa macho ya watu, hawa ni wenye kufaulu. Mashefu wanawasifu, familia inawategemea, wadogo zao wanaambiwa wawaige. Ndiyo sababu hakuna anayewauliza kama wako wagonjwa. Na wao wakiulizwa, wanajibu kwa Kiswahili cha hapa: «Niko na mawazo mingi.» Mazungumzo yanaishia hapo.

Maneno hayo manne yana uzito kuliko tunavyofikiri. Mwaka 2015, watafiti walioongozwa na Bonnie Kaiser walikusanya maandiko 138 ya kisayansi kutoka sehemu mbalimbali za dunia juu ya watu wanaosema kwamba «wanawaza sana». Waliona kwamba msemo huo unarudi katika lugha nyingi, na mara nyingi unaendana na mambo yale yale: usingizi kukatika, kichwa kuuma, moyo kupiga mbio, hamu ya chakula kupotea. Nchini Zimbabwe, Washona wanaita hali hiyo kufungisisa. Kwa hiyo mtu wa Lubumbashi anayesema ana mawazo mingi hatafuti kisingizio. Anataja kitu ambacho waganga wanakijua, na ambacho kina tiba.

Mchapakazi na mfungwa

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kupenda kazi safi si ugonjwa. Mhandisi wa mgodi anayepima mara mbili kabla ya kulipua mwamba anaokoa maisha ya watu, na hakuna mwanasaikolojia atakayemuambia apime mara moja.

Shida inaanza pale ambapo thamani yote ya mtu inatundikwa kwenye matokeo. Mwaka 2002, watafiti watatu wa Uingereza, Roz Shafran, Zafra Cooper na Christopher Fairburn, walieleza mtego huo vizuri. Mtu anajiwekea kipimo cha juu. Akikosa kukifikia, anajiambia: «Niliona, mimi si kitu.» Akikifikia, hafurahi hata siku mbili, anasema kipimo kilikuwa chepesi, anakipandisha. Ukitazama vizuri utaona kwamba mchezo huo hauna ushindi. Mwanafunzi aliyepata 78% anaomboleza 22% zilizobaki, na akipata 85% anasema maswali yalikuwa rahisi.

Mbele yao, mwaka 1991, Paul Hewitt na Gordon Flett wa Kanada walikuwa wameonyesha kwamba kuna namna tatu za kutaka ukamilifu. Kuna anayejidai mwenyewe, kuna anayedai wengine, na kuna anayeamini kwamba wengine wanamdai yeye: baba, shefu, ukoo, kanisa, majirani wa lupango. Kwa maoni yangu, hii ya tatu ndiyo inayobana watu wengi hapa kwetu.

Mji uliozoea kupimwa

Wakaaji wa Lubumbashi wana sababu za kuogopa kosa, na sababu hizo zina historia. Wakati wa ukoloni, Union Minière haikuajiri mikono peke yake. Katika makambi yake iliangalia pia nyumba za wafanyakazi, usafi, ndoa, malezi ya watoto. Mwaka 1948 serikali ya Ubelgiji ilianzisha kadi ya sifa ya raia kwa Wakongomani walioonekana kuwa «wameendelea», na mwaka 1952 ikaongeza daraja lingine la juu zaidi. Aliyetaka karatasi hizo alichunguzwa: wachunguzi waliweza kuingia nyumbani kwake na kuangalia namna anavyoishi. Babu zetu walijifunza kwamba heshima inapewa na mtu mwingine, na inaweza kunyimwa.

Halafu kukaja Gécamines. Ya kampuni wazee wa mji huu walikuwa wakisema njo baba, njo mama: ilitoa unga, hospitali, masomo ya watoto. Mwaka 2003, chini ya mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Wengi walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara, na pesa waliyopewa haikudumu.

Mtoto aliyekuwa na miaka kumi siku ile leo ana zaidi ya thelathini. Aliona baba, mfanyakazi mwaminifu, akirudi nyumbani na kubaki humo. Leo mtoto huyo ana digrii, ana biro yenye klimatizeri, analipa minervali ya watoto wake na ya wapwa, anatuma pesa ya dawa kwa mama Katuba au Kenya. Mshahara mmoja unabeba lupango mzima. Mkimuambia «kosa si kitu», atawacheka, na atakuwa na haki.

Hapo ndipo vitabu vingi vya ushauri vinavyotoka Ulaya na Marekani vinapomkosa msomaji wetu. Vinamuambia ajipende, apumzike, aache kazi inayomchosha. Nani ataacha kazi hapa? Tiba nzuri haianzi na kukana hatari iliyopo. Inaanza na kuchambua: lipi kati ya mawazo haya ni tatizo lenye kazi ya kufanya kesho asubuhi, na lipi ni gurudumu linalozunguka bure?

Ndani ya chumba cha tiba

Tiba inayojulikana zaidi kwa hali hii inafanya kazi juu ya mawazo na matendo kwa pamoja. Msingi wake uliwekwa miaka ya 1960 na daktari Aaron Beck wa Marekani. Kwa kawaida inachukua majuma kadhaa, kikao kimoja kwa juma, na mgonjwa anapewa kazi ya kufanya nyumbani. (Wenye kupenda ukamilifu wanaifanya kazi hiyo vizuri mno, mwanasaikolojia mzoefu anawaomba waifanye vibaya kidogo makusudi.)

Hatamuambia mtu «usiwaze». Mtu huyo amekwisha kuambiwa hivyo na mke wake, na pasta, na muuguzi aliyempima tansio. Atamuuliza maswali, na mazungumzo yanaweza kwenda kwa mfano hivi:

– Papa, kama ripoti iko na kosa moja, kutafuata nini?

– Shefu atakasirika, mama docteur.

– Na kisha?

– Atasema mimi si mtu wa kuaminiwa.

– Na kisha?

– Nitafukuzwa. Watoto watarudishwa kutoka masomo.

Ngazi tatu tu, na kosa la tarehe limekwisha kuwatoa watoto shuleni. Usiku, kichwa kinapanda ngazi hizo kwa sekunde mbili, na mwili unajibu kama vile mambo yametokea: moyo unadunda, tumbo linakaza. Kazi ya kikao ni kuzipanda polepole, mchana, na mtu mwingine akiangalia. Katika miaka mitatu, umetuma ripoti ngapi? Ngapi zilikuwa na kosa? Shefu alifanya nini siku ile? Mara nyingi jibu ni kwamba alituma ujumbe wa mstari mmoja: «Rekebisha ukurasa wa nne.»

Maneno peke yake hayatoshi, kwa hiyo kunafuata majaribio. Mtu anayesoma imeli mara kumi kabla ya kuituma anaombwa aisome mara mbili, aitume, na aandike pembeni anachotarajia kitatokea. Baada ya siku tatu analinganisha. Anaanza na barua ndogo kwa mwenzake, haanzi na mkataba wa kampuni. Asista mwenye andiko la doktora anapeleka sura moja, kama ilivyo, tarehe iliyopangwa. Kuchelewesha kwake watu walikuwa wakikuita uvivu, kumbe ilikuwa woga: kazi ambayo haijasomwa na profesa haiwezi kukataliwa.

Kuna pia saa ya kuwaza. Mwaka 1983, Thomas Borkovec na wenzake huko Marekani walijaribu jambo ambalo linachekesha ukilisikia mara ya kwanza: waliwaomba watu wenye wasiwasi wachague nusu saa kila siku, saa ile ile na mahali pale pale, ya kuwaza tu. Wasiwasi ukija nje ya saa hiyo, mtu anauahirisha hadi saa yake. Ulipungua. Anayetaka kujaribu achague, tuseme, saa kumi na mbili za jioni, kwenye kiti ambacho hakitumii kwa kazi wala kwa chakula, na daftari mkononi. Kitandani ni marufuku. Katika daftari kuna mistari ya namna mbili: mambo ambayo kuna hatua ya kuchukua (kumpigia mteja, kulipa deni kidogo kidogo), na maswali yanayoanza na «itakuwaje kama…». Ya kwanza yanapewa siku na saa. Ya pili yanabaki kwenye karatasi.

Dawa je? Wakati mwingine daktari anaandika dawa za kutuliza wasiwasi za kutumiwa kwa miezi, na zinasaidia wengi. Kinachotia hofu ni diazepamu, ile inayojulikana kama Valium, mtu akiinunua mwenyewe ili apate usingizi. Inalaza kweli, lakini ikitumiwa kila siku mwili unaizoea haraka, na kuiacha ghafla kuna hatari. Pombe ya jioni «ili kichwa kipoe» ina mtego wa namna hiyo hiyo.

Mlango ambao watu wanaukwepa

Lubumbashi ina Kituo cha Neuropsikiatri Dr Joseph Guislain, cha Mafrere wa Upendo. Jina ni la mganga wa Ubelgiji wa karne ya 19 aliyepigania wagonjwa wa akili watendewe kama watu. Lakini kwa wakaaji wengi, kutamka Guislain ni kutamka wazimu. Mkurugenzi wa benki hataki gari yake ionekane pale. Anapendelea kwenda kupima tansio mara tano, kupima malaria, kupima tumbo, na kila mara majibu ni mazuri na usingizi bado haupo.

Vipimo hivyo si vya kudharau, kwa sababu tezi ya shingo au moyo vinaweza kuleta dalili za namna hiyo. Ila kama mganga amekwisha kusema mwili uko salama, mara ya sita haitaleta jibu jipya. Maombi nayo hayagombani na tiba. Mtu anaweza kwenda kanisani siku ya Mungu na kwa mwanasaikolojia siku ya pili.

Swali la pesa na la watu wa kutibu ni kubwa zaidi. Wanasaikolojia wa tiba ni wachache mbele ya mahitaji. Hata hivyo, jirani zetu wameonyesha njia. Huko Harare, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kufundisha akina bibi, wahudumu wa afya wa mtaa, wakae kwenye benchi karibu na kituo cha afya na kuwasikiliza wenye kufungisisa kwa vikao vichache vya kutatua tatizo moja baada ya lingine. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, 14% ya waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili za huzuni kubwa, dhidi ya 50% ya wale waliopata huduma za kawaida.

Na hata kwetu, mashariki mwa DRC, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulihusu akina mama waliopatwa na ukatili wa kingono, maumivu mazito kuliko haya tunayozungumzia. Vikundi vyao viliongozwa na Wakongomani wasio na digrii ya saikolojia, waliofundishwa namna ya kusaidia mtu apime mawazo yake mwenyewe. Walipata nafuu kubwa, hata baadhi yao ambao hawakujua kusoma. Kama mbinu hiyo ilishika vijijini, katika vita, hakuna sababu ishindwe katika biro ya katikati ya mji.

Dalili za kutosubiri ni hizi: majuma kadhaa bila usingizi wa maana, kushindwa kwenda kazini, kunywa kila siku ili kulala, na zaidi ya yote wazo la kwamba afadhali kufa. Kwa hilo la mwisho, mtu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake.

Kwa wengine, hatua ya kwanza ni fupi. Kwenye hospitali ya Sendwe, kwenye kliniki za chuo kikuu, au kwa daktari wa familia, si lazima kutafuta maneno ya Kifaransa wala kusimulia maisha yote. Inatosha kusema: «Docteur, niko na mawazo mingi, tangu mwezi fulani silale, na mwili walisema iko muzima. Nataka kuzungumza na sikologe.»