Usiuze Posho Kununua Chupa ya Vijidudu

Tukipita kwenye bustani za nyumbani swali ni moja: dawa ya chupa ya kuozesha majani ni ya kweli? Mama mmoja ametuuliza kama auze unga wa posho aipate.

Dawa si uongo. Aliyeianzisha ni Profesa Teruo Higa wa Chuo Kikuu cha Ryukyus, Okinawa, Japani, miaka ya 1980. Ndani yake wamo vijidudu hai, kama wale wanaogandisha maziwa na hamira wanaoumua unga. Lakini watafiti wa Uswisi waliijaribu shambani Zurich, 2003 hadi 2006. Iliyochemshwa vijidudu wakafa na ile yenye vijidudu hai zilitoa matokeo yaleyale. Faida iliyoonekana ilitoka kwenye mabaki ya mimea yaliyowekwa pamoja nayo.

Na vijidudu wa kuozesha tunao tayari, bure. Wamejaa kwenye mboji ya zamani na udongo mweusi chini ya migomba. Omba jirani beleshi 2, unyunyize katikati ya matabaka. Hakuna haja ya kutoka nje ya kambi kuchota udongo wa msituni. Njia ile tunaijua wote, hasa akina mama.

Kazi yetu ni kuwalisha. Weka ndoo 2 za majani makavu au mabua yaliyokatwakatwa kwa ndoo 1 ya mabichi: maganda ya ndizi, magugu, mabaki ya lengalenga. Rundo lifike mita 1 kila upande. Likiwa dogo joto linakimbia. Maji ya kuoshea mboga yanafaa. Minya konzi moja: mkono ulowe, maji yasichuruzike.

Choma fimbo katikati. Siku ya 4 ichomoe. Ikiwa ya moto, wanafanya kazi. Ikiwa baridi na kavu, ongeza maji na mabichi. Ikinuka yai bovu, hewa imekosekana, hivyo geuza na uongeze makavu. Hata kama hainuki, geuza kila wiki 2, ya nje yaingie ndani, maana joto la digrii 55 likikaa siku kadhaa linaua mbegu za magugu. Kinyesi cha watoto hapana kabisa, hata rundo liwe moto namna gani!

Baada ya miezi 2 au 3 inakuwa nyeusi na kunukia kama udongo baada ya mvua. Shimo la shule limeiva. Anayetaka ya kuanzia aje Jumamosi asubuhi na kopo lake.