Kazi ya Msimamizi wa Bunge la Uskoti

Kabla hatujaanza, mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno matatu: mswada, kura, mpaka. Mswada ni maandishi ya sheria ambayo bado haijapitishwa. Huletwa bungeni ili yajadiliwe. Maneno mawili mengine mnayajua, lakini hilo la mwisho liwekeni akilini, maana tutalirudia.

Uskoti ni nchi iliyo kaskazini ya kisiwa cha Uingereza. Mwaka 1707 bunge lake liliunganishwa na lile la London, na kwa karibu miaka 300 sheria za Waskoti zilitungwa London. Tarehe 11 Septemba 1997 waliulizwa kwa kura kama wanataka bunge lao wenyewe. Katika kila watu 100 waliopiga kura, 74 walikubali. Bunge hilo lilikutana mara ya kwanza mjini Edinburgh mwezi Mei 1999, nalo lina wabunge 129.

Sasa fahamuni jambo hili. Bunge la Edinburgh si bunge la nchi inayojitawala kabisa. Shule, hospitali, polisi na kilimo ni mambo yake. Jeshi, uhusiano na nchi za nje, na ruhusa ya wageni kuingia nchini vilibaki London. Mfano wake ni baba aliyemkatia mwanawe sehemu ya shamba. Mwana hulima apendavyo, lakini mpaka umepandwa minyaa. Na hati ya shamba zima, tusisahau, bado iko sandukuni mwa baba.

Anayeongoza mikutano ya bunge hilo tutamwita Msimamizi. Kwingine mtu wa kazi hii huitwa Spika. Wabunge humchagua mmoja wao kwa kura ya siri, na akishachaguliwa huacha kufuata maagizo ya chama chake. Yeye huamua nani aseme na kwa muda gani, na mbunge anayevuruga mkutano huweza kumtoa nje. Kazi hiyo mmeiona hata katika mikutano ya vyama vya ushirika, kwa hiyo hatutaikalia sana. Tutazame mambo mawili yaliyo mazito zaidi.

La kwanza ni kura. Kwa desturi Msimamizi hapigi kura, ila pande mbili zikilingana. Tarehe 28 Januari 2009 bunge lilikuwa likiamua bajeti ya serikali. Fanyeni hesabu pamoja nami: wabunge 129, mtoe Msimamizi, wanabaki 128. Kura zilipohesabiwa, 64 walisema ndiyo, na 64 walisema la. Macho yote yakamgeukia Msimamizi, Bwana Alex Fergusson.

Fergusson alikuwa ametoka chama cha Conservative, na wenzake wa zamani katika chama hicho walikuwa wameiunga mkono bajeti. Hata hivyo aliipigia kura ya kuikataa, na bajeti ikaanguka. Kwa nini? Kwa sababu desturi ya kiti chake ni kwamba kura zikilingana, mambo yabaki yalivyokuwa. Jambo jipya lipitishwe na wabunge walio wengi, lisipitishwe na mtu mmoja kwa kuwa ndiye aliyekalia kiti. Serikali ikarudi kuzungumza na vyama vingine, na tarehe 4 Februari bajeti ikapita kwa kura 123 kwa 2. Ninyi mlioko Kenya mna kanuni iliyo karibu na hiyo: Katiba ya mwaka 2010 inasema Spika wa Bunge hana kura, na kura zikilingana, hoja imeanguka.

La pili ni mpaka. Kila mswada unapoletwa Edinburgh, sheria inamtaka Msimamizi aseme kwa maandishi kama, kwa maoni yake, uko ndani ya madaraka ya bunge hilo au umevuka minyaa. Spika wa London hana kazi kama hiyo, kwa kuwa bunge lake halikukatiwa shamba na mtu. Na baada ya mswada kupitishwa, Msimamizi hungoja majuma manne kabla ya kuupeleka kwa Mfalme au Malkia ili utiwe idhini. Katika muda huo mwanasheria wa serikali, awe wa London au wa Edinburgh, anaweza kuupeleka Mahakama Kuu ya Juu kabisa.

Kwa miaka mingi jibu la Msimamizi lilikuwa ndiyo. Kisha mwaka 2018 serikali ya Uskoti ilileta mswada juu ya sheria zitakazotumika Uingereza ikitoka katika Umoja wa Ulaya. Msimamizi wa wakati huo, Bwana Ken Macintosh, akasema mswada uko nje ya mpaka. Kwa maoni yake, bunge lilikuwa likijitwalia madaraka kabla hayajafika. Mwanasheria mkuu wa Uskoti akasema uko ndani. Huko Wales, Msimamizi mwenzake, Bi Elin Jones, aliukubali mswada wa namna hiyo hiyo.

Je, neno la Macintosh liliuzuia mswada? La. Kazi yake ni kuonya, si kufunga mlango. Wabunge wakaupitisha tarehe 21 Machi kwa kura 95 kwa 32, na London ikaupeleka mahakamani. Kesi ikiwa bado haijaamuliwa, mwezi Juni bunge la London lilipitisha sheria yake juu ya jambo hilo hilo. Tarehe 13 Desemba mahakama ilisema kwamba siku ulipopitishwa, mswada wa Uskoti ulivuka mpaka katika kifungu kimoja tu, cha 17. Lakini vifungu vingine kadhaa, vilivyokuwa halali mwezi Machi, vilikuwa vimekwisha kuwa nje kwa sababu ya ile sheria ya Juni. Minyaa ilikuwa imesogezwa. Serikali ya Uskoti ikauacha mswada huo, na mwezi Desemba 2020 bunge likapitisha mwingine.

Swali la kuzungumza darasani: kama Fergusson angeikubali bajeti ile, wale 64 waliosema la wangemwonaje alipoketi tena katika kiti chake kesho yake?