Kifo kama Chanzo cha Wasifu: Kumbukumbu za Vifo na Mirathi katika Utafiti wa Walowezi wa Kenya

Historia ya walowezi wa Kizungu nchini Kenya imetegemea mno maandishi yao wenyewe: vitabu vya kumbukumbu za maisha, barua na shajara. Maandishi hayo ni ya wachache. Mkulima wa mahindi wa Uasin Gishu, fundi wa reli aliyenunua ekari chache baada ya mkataba wake kwisha, au mjane aliyeendesha nyumba ya wageni hakuandika kitabu. Hata hivyo, alipofariki na kuacha mali au madeni, serikali ililazimika kumwandika. Makala hii inaeleza jinsi mtafiti anavyoweza kuanzia kifo cha mlowezi na kurudi nyuma hadi maisha yake.

Hatua ya kwanza ni cheti cha kifo. Usajili wa vifo vya Wazungu katika Himaya ya Afrika Mashariki ulianza mwaka 1904, na taarifa nyingine za vifo katika himaya za Afrika zimehifadhiwa London katika mkusanyo RG 36 wa Nyaraka za Taifa za Uingereza. Cheti hutaja umri, kazi, mahali na sababu ya kifo. Homa ya maji meusi, kwa mfano, huashiria mtu aliyeishi katika eneo la malaria. Jina la mtoa taarifa lisipuuzwe. Mtoa taarifa akiwa mke, umri na kazi vina uzito. Akiwa jirani au mwenye hoteli, umri huo ni wa kukisia, na haufai kutumiwa peke yake kutafuta cheti cha kuzaliwa Uingereza.

Gazeti Rasmi la Serikali, lililoanza kuchapishwa mwaka 1899, ndilo daraja kati ya kifo na mahakama. Humo yalitolewa matangazo ya kuwataka wanaoidai mirathi kuthibitisha madai yao kabla ya tarehe fulani. Tangazo ni fupi, lakini hutaja makazi ya marehemu, siku na mahali alipofia, jina la wasii au msimamizi, na mara nyingi namba ya shauri. Bila namba hiyo, kutafuta jalada katika masjala au katika Nyaraka za Taifa, Nairobi, ni kazi ya kupapasa.

Jalada lenyewe ndilo lenye utajiri. Ndani yake mna ombi la usimamizi, kiapo, wosia kama upo, orodha ya mali na hesabu ya mapato na matumizi. Watafiti wengi huishia kwenye wosia kwa sababu unasomeka kama simulizi. Kwa maoni yangu, wosia ni chanzo dhaifu kuliko hesabu. Wosia hueleza alichotaka marehemu, nayo hesabu huonyesha kilichokuwapo: ng'ombe wa maksai, plau, gari la kukokotwa, bunduki, na deni la benki lililozidi vyote. Mlowezi aliyekufa mwanzoni mwa miaka ya 1930, bei ya mahindi ilipoporomoka baada ya miaka ya nzige, anaweza kuonekana bwana shamba katika wosia na mufilisi katika hesabu.

Hesabu hiyo ilipangwa kisheria. Kabla ya Sheria ya Urithi ya Kenya ya 1972 kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, mirathi ya Wazungu iliongozwa na Sheria ya Urithi ya India ya 1865. Kwa mujibu wake, gharama za mazishi, matibabu ya mwisho, na chakula na malazi ya mwezi mmoja kabla ya kifo zililipwa kabla ya madeni yote. Kwa hiyo mistari ya kwanza ya hesabu humwambia mtafiti marehemu alilala wapi mwezi wake wa mwisho na nani alimtibu. Baada ya gharama za mahakama ilifuata mishahara ya vibarua na watumishi wa nyumbani. Hapo ndipo wafanyakazi Waafrika wa shamba wanapotarajiwa kutajwa, hata kama hawamo kabisa katika kumbukumbu za familia ya mlowezi.

Palipokosekana wosia, mjane mwenye watoto alipata theluthi moja, na theluthi mbili ziliwaendea watoto. Mgawanyo huo humwezesha mtafiti kukadiria idadi ya watoto. Ila sheria ilimaanisha watoto wa ndoa. Mtoto aliyezaliwa na mlowezi na mama Mwafrika nje ya ndoa hakuhesabiwa, na hawezi kuonekana katika mgawanyo isipokuwa baba yake alimtaja katika wosia. Kwa familia za Kenya zinazotafuta babu wa aina hiyo, ukimya wa jalada si ushahidi wa kukana ubaba.

Baadhi ya walowezi hawakufia Kenya. Ewart Grogan, aliyekuwa na mali Nairobi na Taveta, alifariki Cape Town mwaka 1967. Waliotoka Uingereza watafutwe katika kalenda ya mirathi ya huko, inayoanzia mwaka 1858. Tangu sheria ya mwaka 1892, hati ya mahakama ya koloni iliweza kupigwa muhuri London ili itumike kwa mali iliyoko huko. Kiasi kinachotajwa basi ni cha mali ya Uingereza tu. Pauni chache hazimaanishi umaskini. Kwa Makaburu waliohamia Uasin Gishu mwaka 1908, mafaili ya mirathi ya Afrika Kusini ni bora zaidi, kwa kuwa fomu yao ya taarifa ya kifo huuliza mahali pa kuzaliwa na majina ya wazazi, maswali ambayo cheti cha Uingereza cha zama hizo hakikuuliza.

Mwisho, orodha ya mali huweza kutaja namba ya rejea ya shamba na muda wa ukodishaji: miaka 99 chini ya sheria ya ardhi ya 1902, au 999 chini ya ile ya 1915. Kwa namba hiyo mtafiti huweza kutoka mahakamani na kuingia katika masjala ya ardhi, akafuata shamba kutoka kwa marehemu hadi kwa mnunuzi, na kurudi nyuma hadi siku lilipopimwa na kutolewa, ambako swali la nani aliishi hapo kabla ya mpimaji hufunguliwa kwa vyanzo vingine.